HASIRA NA KIASI: DAUDI ALIPOJIFUNGA UPANGA KWA SABABU YA CHAKULA

Somo: 1 Samweli 25:2-39, Mithali 25:28, Wagalatia 5:22-23



Tunawasalimu nyote, ninyi mliotoka Fizi, Baraka, Uvira, Kalemie na kwingineko Kongo, pamoja na ndugu zetu Warundi waliotujia hapa Nyarugusu kuanzia mwaka 2015. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa hapa mwaka ule leo ni baba na mama wenye watoto wao, na wengi bado hawajaiona milima wala ziwa ambalo wazee wao huwasimulia jioni. Watu waliongoja muda mrefu namna hiyo wana sababu nyingi za kukasirika. Kwa hiyo hatuanzi somo hili kwa kumlaumu mtu.

Lakini ni lazima tuseme. Miaka hii ya karibuni wazee wa kanisa na mama zetu wameitwa usiku kwenda kuamua ugomvi mara nyingi kuliko zamani. Mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kufanya mahojiano na kupimwa afya zikabaki na mabegi yao. Mwezi huo huo Goma ilitekwa, Februari ikafuata Bukavu, na simu zikaanza kutuletea habari za misiba. Mambo haya yote yameingia ndani ya nyumba zetu. Na mara nyingi anayeyalipia si yule aliyeyasababisha. Ni mke, ni mtoto, ni jirani aliyesogeza ndoo yake mbele kwenye bomba.

Wahenga walisema hasira hasara. Tuone Neno la Mungu linatuambia nini zaidi ya hapo.

1. DAUDI ALIKUWA MKIMBIZI

Wengi tunamfahamu Daudi mfalme na Daudi aliyemwangusha Goliathi. Katika 1 Samweli 25 tunakutana na Daudi mkimbizi. Sauli anamtafuta amwue. Hana nyumba, analala nyikani, na nyuma yake wako watu wapatao mia sita wanaomtegemea kwa chakula. Baba mwenye watoto wanane na gunia lililobaki robo anaelewa hali hiyo bila kufundishwa.

Huko nyikani watu wa Daudi walikaa karibu na wachungaji wa tajiri mmoja aitwaye Nabali, mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Hawakumwibia hata mnyama mmoja. Mtumishi wa Nabali mwenyewe alishuhudia kwamba watu hao walikuwa kama ukuta kwao, usiku na mchana (mstari wa 16). Ilipofika siku ya kukata manyoya ya kondoo, ambayo ilikuwa siku ya karamu, Daudi akatuma vijana kumi waende kumsalimu Nabali kwa heshima na kumwomba chochote alicho nacho.

Nabali hakuwanyima chakula tu. Aliwatukana. Akauliza huyo Daudi ni nani, akasema watoro waliowakimbia mabwana zao wamekuwa wengi siku hizi, na kwa nini atoe mkate wake na nyama yake awape watu asiojua wametoka wapi (mstari wa 10 na 11).

Wapendwa, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusikia maneno ya namna hii? Ni nani ambaye hajawahi kuulizwa mbele ya watoto wake kwamba yeye ni nani na ametoka wapi? Njaa inauma, lakini neno la dharau juu ya njaa linauma zaidi. Ndiyo maana Daudi hakukaa kufikiri. Aliwaambia watu wake kila mmoja ajifunge upanga. Mia nne wakapanda pamoja naye, mia mbili wakabaki kulinda mizigo. Na njiani akaapa kwamba hadi asubuhi hatamwacha mwanamume hata mmoja katika nyumba ya Nabali.

Angalieni jambo hili. Aliyemkosea ni mtu mmoja. Watakaokufa ni wote, hata yule mtumishi aliyemsifu Daudi na watu wake. Hivyo ndivyo hasira inavyohesabu. Mmoja wa kabila fulani ametenda uovu, basi kabila lote lina hatia. Damu ya nchi yetu imemwagika miaka mingi kwa hesabu hiyo hiyo.

2. MJI USIO NA UKUTA

Sasa fungueni sura ya 24, sura moja tu nyuma. Hapo Daudi yuko pangoni Engedi, na Sauli mwenyewe, yule anayetafuta roho yake, ameingia peke yake. Watu wa Daudi wanamhimiza ammalize. Daudi anakata pindo la vazi lake tu, na hata kwa hilo moyo wake unamchoma. Anamwacha aende zake.

Inakuwaje mtu aliyemsamehe mfalme aliyetaka kumwua, ashindwe kumvumilia tajiri mlevi aliyemnyima chakula? Pangoni Daudi alijua kwamba anajaribiwa, akajilinda. Kwa Nabali hakujua. Aliona ni jambo la chakula na heshima tu.

Hata sisi ndivyo tulivyo. Wako kati yetu waliowasamehe watu waliochoma nyumba zao. Tumesikia ushuhuda wao kanisani na tumelia pamoja nao. Lakini mtu huyo huyo anaweza kumpasua kichwa mwenzake kwa sababu ya zamu ya maji, au kwa kuku aliyeingia katika bustani ya mchicha. Majaribu makubwa huja na kelele, nasi tunaomba na kufunga. Madogo huja na ndoo mkononi, nasi hatuombi.

Mithali 25:28 inamfananisha mtu asiyeweza kuitawala roho yake na mji uliobomolewa, usio na kuta. Sisi tumeiona miji ya namna hiyo kwa macho yetu. Mji ukibomolewa, kila mwenye bunduki anaingia wakati anaotaka na kuchukua anachotaka. Hana haja ya kubisha hodi. Mtu asiyejitawala ndivyo alivyo. Neno moja la jirani linaingia hadi chumbani kwake. Habari moja ya simu, hata ya uongo, inamwamuru nini cha kufanya. Anadhani yeye ni mkali na anaogopwa, kumbe anatawaliwa na yeyote anayejua kumchokoza.

Daudi alikuwa ukuta kwa kondoo za Nabali, lakini siku ile ukuta wa moyo wake mwenyewe ulikuwa umeanguka.

3. JE, KILA HASIRA NI DHAMBI?

Hapana. Wengine hufundisha kwamba Mkristo wa kweli hakasiriki kamwe, na kwa sababu hiyo watu wanaificha hasira yao ndani hadi inawapa ugonjwa. Marko 3:5 inasema Yesu aliwatazama watu kwa hasira, akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, walipomvizia waone kama atamponya mtu mwenye mkono uliopooza. Kisha alifanya nini? Aliuponya ule mkono. Hasira yake iliambatana na huzuni, ikaishia katika kumsaidia mnyonge.

Hicho ni kipimo kizuri kwetu. Baada ya hasira yangu, ni nani amepona? Kama baada yake mtoto ana alama mgongoni na mke amelala kwa jirani, hiyo si hasira ya Bwana Yesu, hata kama nilikuwa na haki katika neno lililoanzisha ugomvi. Yakobo anatuonya kwamba hasira ya mwanadamu haizai haki ambayo Mungu anaitaka (Yakobo 1:20).

Tumkumbuke pia Kaini katika Mwanzo 4. Kabla hajamwua ndugu yake, Mungu alimjia na swali: kwa nini umekasirika, na kwa nini uso wako umekunjamana? Akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye anapaswa kuishinda. Mungu alimjia mapema, wakati mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Paulo naye anawaambia Waefeso kwamba wakikasirika wasitende dhambi, wala jua lisizame wakiwa bado na uchungu, wasije wakampa Shetani mahali pa kukaa (Waefeso 4:26-27). Hasira inapopita ni mgeni. Ikilala, kesho inadai godoro, na baada ya mwezi mmoja yenyewe ndiyo mwenye nyumba.

4. KIASI NI NINI?

Katika Wagalatia 5:22-23 Paulo anataja tunda la Roho, na la mwisho katika orodha ni kiasi. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba neno alilotumia Paulo kwa Kigiriki ni enkrateia, na ndani yake mna neno la nguvu na utawala. Maana yake ni mtu kuwa na mamlaka juu ya nafsi yake. Neno hilo hilo kwa namna ya kitendo analitumia kwa wanamichezo katika 1 Wakorintho 9:25. Kwa hiyo kiasi si udhaifu wala woga. Ni nguvu ya mtu aliyefanya mazoezi.

Na Kiswahili chetu kimetupa neno zuri. Kiasi ni kipimo. Siku ya mgao tunakitazama sana kipimo. Tunajua kopo likijaa na likipungua, na tunajua nani amepewa zaidi. Je, kinywa chetu tunakipimia? Mtoto amevunja kikombe: kosa ni la kikombe kimoja, lakini adhabu anayopewa ni ya vita, ya njaa, ya kufukuzwa, ya miaka yote ya kungoja. Tumempimia kwa gunia kosa la kijiko. Mtu mwenye kiasi hasemi kwamba hakuna kosa. Anatoa jibu linalolingana na kosa.

Tena Paulo anasema ni tunda la Roho. Halinunuliwi, wala halioti kwa siku moja. Linahitaji kukaa ndani ya Kristo, kama muhogo unavyokaa ndani ya udongo hadi wakati wake. Mtu asikate tamaa kwa kuwa ameomba juma moja na bado anakasirika.

5. TUFANYE NINI?

Turudi njiani alikokuwa Daudi na watu wake mia nne. Nani aliyewasimamisha? Ni mwanamke, Abigaili, mke wa Nabali. Kutoka kwake na katika Maandiko mengine tunapata mambo matano.

a) Tuangalie tumbo na usingizi. Abigaili hakuja na maneno matupu. Alileta mikate mia mbili, divai, kondoo watano walioandaliwa, bisi, zabibu na mikate ya tini. Aliwajua watu wenye njaa. Hata Eliya alipochoka akatamani kufa, malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji (1 Wafalme 19:5-7). Kwa hiyo baba na mama, msianze maneno mazito usiku wakati wote mna njaa na uchovu. Kunyweni hata uji kwanza. Mkubaliane kwamba mtazungumza asubuhi, na asubuhi mzungumze kweli.

b) Tukubali kusimamishwa. Daudi alikuwa kamanda mwenye silaha, na aliyemzuia ni mama aliyepiga magoti njiani. Angeweza kumwambia hayo si mambo ya wanawake. Badala yake alimshukuru Mungu, akaibariki hekima yake, akambariki kwa kumzuia asimwage damu (mstari wa 32 na 33). Kila mmoja wetu awe na mtu aliyempa ruhusa ya kumshika mkono: mke, shemasi, mzee wa jirani. Mwambie leo, ukiwa mtulivu: ukiniona nimewaka, niite kwa jina, nami nitakusikia.

c) Tukumbuke kesho. Abigaili alimwambia Daudi kwamba siku Bwana atakapomweka kuwa mkuu juu ya Israeli, hatakuwa na damu hii ya kumsumbua moyoni (mstari wa 30 na 31). Alimtazama mkimbizi akaona mfalme. Kijana unayesoma hapa, usijifunge upanga leo ambao utakuaibisha siku Mungu atakapokufungulia mlango. Faili lako siyo jina lako lote.

d) Tumwambie Mungu ukweli. Zaburi ya 137 iliimbwa na watu waliohamishwa kwa nguvu. Inaanza kwa machozi kando ya mito ya Babeli, na inaishia kwa maneno makali mno hata tunaona aibu kuyasoma kanisani. Lakini yamo katika Biblia. Waliyapeleka wapi maneno hayo? Kwa Mungu, katika maombi. Hasira iliyomwagwa mbele za Mungu haihitaji kumwagwa juu ya mtoto. Nenda kando, porini au nyuma ya nyumba, umwambie Mungu yote kwa lugha ya mama yako. Yeye hatashtuka.

e) Tumwachie Mungu kisasi. Daudi aliurudisha upanga, na hakuhitaji kumgusa Nabali. Siku kumi baadaye Bwana mwenyewe alimpiga (mstari wa 38). Hatusemi kwamba kila adui atakufa baada ya siku kumi, maana tumeona waovu wengi wakizeeka. Tunasema kwamba hukumu ina mwenyewe (Warumi 12:19). Na Daudi alijifunza: katika sura ya 26 alimpata Sauli tena, amelala, na kwa mara ya pili akamwacha.

6. KUJITAWALA SI KUNYAMAZIA UBAYA

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Wako watu wanaotumia somo la uvumilivu kuwafunga midomo wanaoumizwa. Mama anayepigwa huambiwa avumilie kwa kuwa ni Mkristo. Binti aliyetendewa vibaya alipokwenda kuokota kuni huambiwa asamehe na anyamaze. Hilo silo fundisho letu. Abigaili hakukaa kimya ndani ya nyumba ya mume mbaya. Alichukua hatua upesi ili kuokoa uhai, wala hakungoja ruhusa ya Nabali.

Mama unayepigwa, kusema si dhambi. Mwambie mama mtumishi unayemwamini, nenda kituo cha afya, nenda kwa wanaoshughulikia ulinzi, nenda polisi. Sisi viongozi tutakusindikiza. Kusamehe ni kazi ya moyo mbele za Mungu. Kuzuia madhara ni kazi ya jamii na ya sheria. Zote mbili zinaweza kufanyika kwa mtu yule yule.

Na ninyi akina baba, tunawaheshimu na tunajua mzigo wenu. Huko nyumbani mlikuwa wavuvi, walimu, mafundi, wakulima wenye mashamba. Mtu aliyekuwa akilisha ukoo wote leo anasimama mstarini na kadi. Aibu hiyo hugeuka kuwa ukali. Lakini heshima iliyopotea mstarini hairudi kwa ngumi nyumbani. Mtoto wako hatakupima kwa kilo za unga. Atakumbuka kama aliposikia hatua zako jioni alikimbilia kwako au alikimbilia chini ya kitanda.

Hata sisi watumishi tusijione tuko juu ya neno hili. Musa aliwaongoza watu miaka mingi, na ni palipo shida ya maji, huko Meriba, ndipo alipowaita waasi kwa ukali na kuupiga mwamba mara mbili (Hesabu 20). Maji yalitoka, watu wakanywa, lakini Musa hakuingia katika nchi ya ahadi. Kumbe mtu anaweza kufanikisha kazi na bado akapata hasara kwa sababu ya namna alivyoifanya.

MWISHO

Wapendwa, hatujui ni lini barabara ya kurudi itakuwa salama, wala ni lini milango mingine itafunguliwa. Jambo moja liko mikononi mwetu wiki hii. Tunaiomba kila nyumba ifanye hivi: kabla jua halijazama siku ya Jumamosi, mtu mmoja aende kwa mtu mmoja ambaye hawasalimiani, amsalimu. Asianze na habari ya nani alikosa. Amsalimu tu, aulize habari za watoto. Jumapili tutaomba pamoja kwa ajili ya salamu hizo, na wale wanaohitaji mzee wa kuwakutanisha wamwone shemasi wa kijiji chao.

Tuombe. Ee Bwana, wewe si mwepesi wa hasira, nawe umetuvumilia miaka mingi. Unajua tulichopoteza na waliotutendea hayo. Utujengee tena ukuta wa moyo. Utupe kinywa chenye kipimo, na mikono isiyoinuka juu ya wadogo. Uwaponye waliojeruhiwa na hasira yetu. Na siku utakapotupeleka mahali pa kukaa, tufike bila damu wala chuki mikononi mwetu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.